Kipa wa Akiba

Jumamosi ya tarehe 30 Oktoba 2021 nilikuwa kwenye kibanda cha mpira kule Kahawa Wendani, nimebanwa kati ya makanga wawili, na kwenye simu nina mkeka wa elfu nane. Kafyu ilikuwa imeondolewa siku kumi tu kabla ya hapo, kwa hivyo kibanda kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Watu walikuwa na njaa ya kukaa nje usiku.

Mkeka wenyewe ulikuwa na mechi tatu. Arsenal washinde Leicester: imeingia. Chelsea washinde Newcastle: imeingia. Ya mwisho, Tottenham wasifungwe na Manchester United nyumbani kwao. United hiyo ilikuwa imetoka kutandikwa tano bila na Liverpool wiki iliyotangulia. Nani angeiogopa?

Ronaldo akafunga. Cavani akafunga. Rashford akafunga. Tottenham hawakupiga shuti hata moja lililolenga goli, dakika zote tisini. Kocha wao alipomtoa Lucas Moura, uwanja mzima ulimzomea, na sisi kibandani tukajiunga kana kwamba tulikuwa tumelipia tiketi London. Alisimama kando ya uwanja na zile ndevu zake, hasemi kitu. Jumatatu akafutwa kazi. Alikuwa amedumu miezi minne, na mwezi wa Agosti alikuwa ametuzwa kuwa kocha bora wa mwezi.

Ile elfu nane ilikuwa ya karo. Mama alikuwa ametuma kutoka Nakuru, doo ya kuuza nguo za mitumba, ili nipunguze deni niruhusiwe kufanya mtihani. Deni lilikuwa elfu sitini na kitu. Nilijiambia elfu nane haitanisaidia chochote, heri niizalishe. Kila msee aliyewahi kupoteza karo ana hiyo sentensi.

Sikufanya mtihani. Januari sikurudi. Nilikuwa mwaka wa tatu.

Kwa miezi nilimchukia yule kocha, Nuno Espírito Santo, kama mtu aliyenikosea mimi binafsi. Nikiwa na marafiki nilikuwa nasema, “Nuno alinikulia karo,” na watu wanacheka. Ilikuwa rahisi kuliko kusema ukweli. Nyumbani nilisema masomo yanaendelea.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba yaliendelea. Kuna kazi hapa Nairobi ambayo wengi wenu mnaijua, na pengine wengine mnaifanya saa hii: kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Unapewa swali, idadi ya maneno, na saa ya mwisho. Mwanafunzi yuko Marekani au Uingereza, wewe uko Wendani saa tisa usiku na chai ya rangi, unamwandikia uuguzi, sosholojia, historia ya sanaa. Nimefaulu somo la maadili ya biashara mara nne. Kuna watu wamevaa majoho kwa sababu yangu na hatutawahi kujuana. Mimi mwenyewe sina hata cheti cha kuonyesha kwamba niliwahi kuketi darasani.

Katika usiku kama huo, badala ya kumalizia kazi ya mtu, nilianza kusoma maisha ya Nuno. Nadhani nilikuwa natafuta sababu zaidi za kumchukia.

Alizaliwa São Tomé mwaka 1974, wakati kisiwa bado kiko chini ya Ureno. Akawa kipa. Na sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira hakudaka. Alipofika Porto mwaka 2002, kocha alikuwa José Mourinho na golini alikuwa Vítor Baía, jina ambalo Ureno haliondolewi golini hivi hivi. Porto wakachukua Kombe la UEFA mwaka 2003 pale Seville, tatu kwa mbili dhidi ya Celtic. Mwaka 2004 wakachukua Ligi ya Mabingwa Gelsenkirchen, tatu bila dhidi ya Monaco. Fainali zote mbili Nuno alikuwa benchi, na glavu zake, mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2008 kipa mmoja wa timu ya taifa aliumia, Nuno akaitwa kwenda Euro. Alisafiri, akafanya mazoezi, akarudi. Hajawahi kuichezea Ureno hata dakika moja katika timu ya wakubwa.

Nilifunga laptopu nikakaa tu. Mtu ana medali ya Ligi ya Mabingwa na hakugusa mpira kwenye fainali. Na mimi nina alama za A nyingi sana, zote kwa majina ya watu wengine.

Kuanzia hapo hadithi inataka kuwa tamu, na nitawaonya kabla haijawa. Alistaafu 2010, akaanza kwa kufundisha makipa chini ya Jesualdo Ferreira, kwanza Málaga halafu Panathinaikos. Mwaka 2012 akapewa Rio Ave, timu ndogo, akaifikisha fainali mbili za kombe katika msimu mmoja. Akaenda Valencia akamaliza wa nne. Akaenda Wolves wakiwa daraja la pili England, akawapandisha kwa pointi 99, kisha wakamaliza wa saba misimu miwili mfululizo kwenye Ligi Kuu. Mtu angeweza kuchukua hayo akayafanya bango la kutia moyo: kaa benchi, jifunze, siku yako itafika.

Lakini kuna mtu anaitwa Jorge Mendes. Leo ni mmoja wa mawakala wakubwa zaidi wa soka duniani. Mchezaji wake wa kwanza kabisa alikuwa Nuno. Walikutana Guimarães miaka ya tisini, Nuno akiwa kipa kijana na Mendes bado hajawa mtu. Mendes akapanda, na milango mingi aliyopitia Nuno baadaye ilikuwa milango ambayo Mendes alikuwa ameshaingia. Wolves yenyewe ilijaa wachezaji wa Mendes. Sisi tuna neno la hilo, tunaita kujuana na watu, na tunalitamka kwa uchungu kwa sababu hatujuani na mtu.

Kwa hivyo siwezi kukuambia benchi ni chuo. Dunia imejaa makipa wa akiba ambao walikaa benchi, wakajifunza yote, na hakuna simu iliyolia. Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi ya hapo: simu ilipolia kwa Nuno, alikuwa na kitu cha kusema. Mendes angeweza kumtafutia kazi Wolves. Zile pointi 99 ilibidi mtu azitafute uwanjani.

Na hata kuzipata hakumalizi mambo. Baada ya Tottenham alienda Saudi Arabia, akaipa Al-Ittihad ubingwa wa 2023, na Novemba mwaka huohuo wakamfuta. Desemba akachukua Nottingham Forest, wakaponea kushuka daraja kwa kumaliza wa 17. Msimu uliofuata waliwapiga Liverpool kwao Anfield, wakafika nusu fainali ya Kombe la FA, wakamaliza wa saba. Septemba 2025, ligi ikiwa changa kabisa, akafutwa tena. Kabla mwezi haujaisha alikuwa West Ham.

Ile habari ya Forest kumfuta niliiona asubuhi nikiwa kitandani. Sijui kwa nini ndiyo iliyonisukuma. Labda ni kuona mtu anafukuzwa mbele ya dunia nzima na kila mtu anajua, wakati mimi nimeficha kufukuzwa kwangu miaka minne karibu. Nikampigia Mama.

Nilimwambia yote. Kwamba hakuna mahafali. Kwamba sikufanya ule mtihani. Nikamwambia pia habari ya elfu nane, ambayo ningeweza kuiacha.

Alikaa kimya hadi nikadhani laini imekatika. Nilisikia mteja akiuliza bei ya sweta, na yeye akijibu, “Mia mbili, na si ya kupunguza.” Halafu akarudi kwangu.

“Baba,” akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la baba yake. “Hiyo ya shule nilijua. Mtoto wa miaka saba chuoni anasomea nini, urubani?”

“Na hukusema?”

“Ningesema nini? Nilikuwa nangoja wewe.” Akanyamaza kidogo. “Lakini hiyo elfu nane sikujua.”

Nilianza kuomba msamaha. Nilikuwa na maelezo marefu, yamepangwa vizuri, nimeandika insha nyingi mno kukosa maelezo. Akanikata.

“Uko na kazi?”

“Niko nayo. Naandikia watu.”

“Wanakulipa?”

“Kidogo.”

“Basi utanirudishia.”

Mwisho wa mwezi nilimtumia elfu moja kwa M-Pesa. Nilingoja nione kama atapiga, labda aseme asante, labda aseme Mungu akubariki kama kawaida yake. Ujumbe uliingia baada ya saa nzima, maneno mawili: “Imebaki saba.”