Bia Iliyo Hai, Penzi Lililonuna

Ukisikia tamasha la bia unawaza fujo, sivyo? Hata mimi. Mei 2024 mume wangu alinivuta hadi uwanja wa Jesus Green, Cambridge, Uingereza, tukiwa tumenuniana siku tatu kisa kazi zangu.

Ndani ya hema, mapipa kibao! Unachukua glasi, unaonja nusu painti. Bia hii, real ale, bado iko hai: hamira inaendelea kufanya kazi ndani ya pipa, haiongezwi gesi, wala haipozwi kama barafu. Mume wangu, Mchaga, akacheka: "Ndugu yake mbege hii! Ukiichelewesha, imeharibika."

Wanaomimina wanajitolea tu, chini ya CAMRA, chama kilichoanzishwa 1971 kuitetea bia hiyo. Tamasha lenyewe lilianza 1974. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akihudumu na mumewe, wanapata nini?

"Mwaka mzima tunapishana mlangoni," akajibu. "Hapa tunasimama pamoja."

Nikamwangalia wangu. Maneno ya mbege yakanirudia.

Nikazima simu. Jamani, tangu lini hatujasimama pamoja?