Lusangi: pumzi kwanza, mshale baadaye

Hapa Lusangi, kusini mwa Maniema, upinde siku hizi si kitu cha kubeba ovyo barabarani. Mtu akifika nao kwenye bariera ataulizwa maswali mengi, na waliokimbia vita hawapendi hata kuuona umetundikwa ukutani. Wana sababu. Katika vita vya Watwa na Waluba vilivyowaka jimboni Tanganyika mwaka 2016 na 2017, upande wa Nyunzu, Kabalo na Manono, mishale ilijeruhi na kuua watu wengi. Kuna familia zilizovuka kuja upande wa Kabambare na makovu yake mwilini.

Ndiyo maana mzee mmoja wa hapa, mwindaji tangu ujana wake, alikwenda kwanza kwa kapita wa kijiji kabla ya kuwafundisha watoto kulenga. Walipatana hivi: mishale iwe ya matete, bila chuma, ncha yake kijiti butu kama kile cha kuwindia ndege. Shabaha iwe gogo la mgomba. Mahali pawe uwanja wazi, kila mama apate kuona, na jioni pinde zote zirudi nyumbani kwa mzee. Hata hivyo wazazi wengine walikataa. Mzee hakuwabembeleza, na alifanya vizuri.

Wengi wanafikiri kulenga ni kazi ya jicho na mkono. Mzee anaanza na tumbo. Mtoto anasimama, miguu imeachana kidogo, anavuta pumzi kwa pua polepole mpaka tumbo lijae. Tumbo, si kifua. Kifua kikijaa mabega hupanda, na mabega yakipanda upinde nao unapanda, mshale unapita juu ya gogo na kupotelea kwenye muhogo wa watu. Anavuta uzi mpaka shavuni. Hapo anatoa pumzi kiasi cha nusu, taratibu, halafu anatulia. Kati ya pumzi moja na nyingine pana kimya kifupi ambacho mwili hautikisiki, na mshale unaachiwa humo.

Kimya hicho hakidumu. Ukikizuia zaidi ya kuhesabu saba au nane, mkono unaanza kutetemeka na macho yanaingia ukungu, kwa kuwa mwili unadai hewa. Akifika hapo mtoto asiachie. Ashushe upinde, apumue, aanze upya. Mwindaji anayeona haya kushusha upinde hurudi nyumbani mikono mitupu.

Watoto wa kijiji walishika jambo hili upesi. Waliokimbia ndio waliomshangaza mzee, maana wao walijua sana kuzuia pumzi, kuitoa ndiyo ikawashinda. Wakivuta uzi wanajifunga kifua kabisa, shingo imekaza, uso umekaza, na mshale unakwenda pembeni. Mama mmoja aliyekuwa akichambua sombe kando ya uwanja ndiye aliyeeleza. Walipolala porini, kila mama alimziba mwanawe mdomo ili wenye silaha wasisikie. Mtoto alijifunza kwamba kupumua ni hatari.

Basi kwa wiki nzima mzee aliweka pinde chini. Walikuwa wakikaa kwenye mkeka, mkono juu ya tumbo, wakivuta pumzi kwa kuhesabu tatu na kuitoa kwa kuhesabu sita, kama mtu anayepuliza moto wa jikoni bila kutaka majivu yaruke. Pumzi inayotoka kwa urefu hupunguza mbio za moyo. Hakuna uchawi hapo, kila mtu anaweza kujipima mwenyewe kwa kidole kwenye mshipa wa mkono.

Hata mabingwa wa dunia wanapigana na mbio hizo. Kwenye michezo ya Olimpiki wanasimama mita 70 kutoka shabaha, na duara la pointi kumi lina upana wa sentimita 12.2 tu. Katika michezo ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, mapigo ya moyo ya wapiga mishale yalionyeshwa kwenye televisheni. An San wa Korea Kusini alimaliza fainali kwa mshale mmoja wa mwisho: yeye alipata kumi, Mrusi Elena Osipova akapata nane. Na asifikiri mtu kwamba mchezo huu ni wa mbali tu. Mwaka 2016 kule Rio, bendera ya Kenya ilibebwa na mpiga mishale, Shehzana Anwar.

Pumzi haileti amani, wala haimrudishi mtu kwenye shamba lake. Lakini akina mama wameichukua hesabu ile ya tatu na sita wakaipeleka nyumbani. Usiku, mlio wowote ukisikika, hata wa tawi lililovunjika, mama anamlaza mtoto kifuani na kuhesabu naye kwa sauti ya chini. Hamzibi mdomo tena.

Uwanjani mishale bado inakosa zaidi ya inavyopata. Kuna msichana mdogo, mtoto wa familia iliyohama, anayeshusha upinde mara tatu, nne, bila kuachia, na wenzake wanamcheka. Mzee hamharakishi. Wiki hii gogo la mgomba limeoza, na vijana wametumwa kutafuta jingine.