Wazamiaji wa Mwadingusha

Vijana wa Lubumbashi wakitajiwa mzamiaji, huwaza samaki wa rangi na bahari ya buluu. Wale niliowafahamu mimi walifanya kazi gizani, kwa vidole, ndani ya bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Tangu 1930 maji ya bwawa hilo yanaendesha mitambo ya umeme wa migodi yetu ya shaba.

Ilikuwa miaka ya 1970, mkoa wetu wa Katanga ukiitwa Shaba, nami nilikuwa kibarua kijana. Kila msimu wa mvua mto ulileta matete, mafunjo na magogo, yakarundikana mbele ya nondo zinazozuia takataka zisiingie kwenye mitambo. Yaliyoelea tuliyaopoa kwa kulabu. Yaliyonasa chini yalihitaji mtu wa kuyafuata.

Mkubwa wa wazamiaji alikuwa mtu wa Moba, mtoto wa Ziwa Tanganyika. Zamani alikuwa akikamata samaki wadogo wa kupelekwa Ulaya kufugwa ndani ya vioo, biashara ile ambayo Mbelgiji Pierre Brichard aliiendesha kutoka Bujumbura. Kule, alisema, maji ni angavu, unamchagua samaki kwa macho. Lufira ikijaa tope, hata mkono wako mwenyewe huuoni.

Mimi nilipewa kushika kamba yake. Kabla ya kuvaa mtungi wa hewa alikwenda mwenyewe kwenye lango la mtambo, akahakikisha limefungwa na mtambo umezimwa, akatia kufuli, kisha akanivika ufunguo shingoni.

“Mwanangu, hata mkurugenzi akija, huu usimpe mpaka unione nimekaa hapa nakunywa chai.”

“Ndiyo, Baba.”

Alinieleza sababu, na sijaisahau. Maji ya mbele ya nondo yakizidi ya nyuma kwa kimo cha mita 1 tu, kila mita moja ya mraba inasukumwa kwa uzito wa tani 1. Mtu akinyonywa na kubanwa pale, hakuna mikono ya kumnasua. Mamba anaogopwa zaidi, lakini lango lililofunguliwa kwa haraka ndilo la kuogopwa.

Nikisimama ukingoni niliwasiliana naye kwa kamba tu. Mvuto mmoja, niko salama. Miwili, nilegezee. Minne, nipandishe. Akitoka, vidole vimekunjamana na kuchanika, tope limejaa chini ya kucha, hakujifuta hata uso. Alichukua kipande cha mkaa akachora juu ya saruji: nondo ya ngapi imepinda, ufa umeanzia wapi, unaelekea wapi. Mafundi walinakili mchoro ule wakapanga matengenezo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yenyewe: kushika kitu usichokiona na kukieleza kwa usahihi.

Hesabu zake zilikuwa kali pia. Majedwali ya kupanda polepole, ambayo asili yake ni ya Mskoti Haldane mwaka 1908, yalitungwa kwa ajili ya bahari. Katanga tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Mita 12 za Lufira alizihesabu kama karibu 14, asije akapanda haraka naitrojeni ikafanya mapovu mwilini.

Mwadingusha ilipata mitambo mipya sita, kazi iliyokamilika 2021, yenye uwezo wa megawati 78. Nondo bado zipo, na matete bado yanakuja, basi wazamiaji bado wanahitajika. Mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, katika Ziwa Viktoria, waliitwa wazamiaji kutoka Afrika Kusini, ilhali kanda yetu imejaa maziwa makubwa. Wakubwa wa umeme na wa migodi, na walimu wa ufundi wa Likasi na Lubumbashi, nawaomba: wafundisheni vijana wetu kazi hii wakati wazee tulioifanya bado tupo wa kuulizwa.