Matembezi ya Siku Moja Nyeri

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akitajiwa safari ya matembezi, fikira zake huelekea Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu. Mimi niliichagua Nyeri, mji ulio baina ya Nyandarua na Mlima Kenya. Niliwasili kwa matatu kutoka Nairobi, nikautembea mji kutwa nzima pasipo haraka.

Makaburini nilimkuta Baden-Powell, mwasisi wa skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake limetunzwa vyema, na maskauti hulizuru kutoka pembe zote za dunia. Sina neno na hilo. Marehemu hustahili heshima.

Hata hivyo, ni papa hapa Nyeri ambapo Dedan Kimathi alihukumiwa kifo mnamo Novemba 1956. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa pasipo alama, wala jamaa zake hawakukabidhiwa mwili. Leo ana sanamu jijini Nairobi na chuo kikuu chenye jina lake hapa Nyeri.

Nilijiuliza nilimjulia wapi shujaa huyu. Si makaburini, bali katika *Mzalendo Kimathi*, tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo. Penye kaburi lisilo alama, fasihi ndiyo iliyosimamisha jiwe.

Ndugu msomaji, unapotafuta uwanja wa utafiti, usidhani kwamba Kiswahili hukomea ufuoni. Huku bara nako wamo wafu wanaongoja maneno yetu.