Kawaguchi Langoni

Mfungaji husifiwa kwa alichofanya, mlinda mlango hutajwa siku anapofungwa. Ndiyo maana mapenzi ya Wajapani kwa Yoshikatsu Kawaguchi ni ya kutazamwa kwa makini, kwani yalianza ujanani mwake, na alipostaafu mwaka 2018, akiwa na miaka 43, yalikuwa bado hai.

Yalichipuka Miami, Julai 1996, katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Brazil ya Bebeto, Rivaldo na Roberto Carlos ilipiga mashuti 28 bila ya kupata kitu. Japani ikafunga bao moja, la Teruyoshi Ito, likatosha. Kawaguchi alikuwa na miaka 20, na kimo chake cha takriban sentimita 180 ni kifupi kwa kazi ile. Sura nzuri nayo, tusifichane, ilimwongezea wapenzi.

Lakini sifa ya siku moja huchuja. Mwaka 2001 alihamia Portsmouth, Uingereza. Januari 2002 timu hiyo ilifungwa nyumbani na Leyton Orient mabao 4 kwa 1, naye akawekwa benchi. Mwaka huohuo Kombe la Dunia lilichezwa kwao, na lango akapewa Seigo Narazaki.

Kisha ikaja Chongqing, tarehe 31 Julai 2004, robo fainali ya Kombe la Asia dhidi ya Jordan. Watazamaji wa Kichina waliwazomea Wajapani tangu mwanzo. Katika mikwaju ya penalti, Nakamura na Alex waliteleza wakapaisha mipira. Nahodha Miyamoto akamwendea mwamuzi, akamwomba wahamie lango la pili; ombi likakubaliwa. Hata hivyo Jordan waliongoza 3 kwa 1, na bao moja tu lingewamalizia kazi. Mlinda mlango wakati huo ni kama kituo cha ubeti: mishororo iliyotangulia ikiyumba, yeye ndiye wa kuubeba. Jordan walipiga mara nne zaidi, na mara nne mpira ukakataa, mwingine kwa mikono yake, mwingine kwa mpigaji kukosa mbele ya macho yale makavu. Japani ilishinda 4 kwa 3, na siku saba baadaye ikatwaa kombe jijini Beijing.

Mwaka 2006 alipangua penalti ya Darijo Srna wa Croatia. Linaloeleza zaidi, hata hivyo, ni la mwaka 2010. Kocha Okada alimchukua Afrika Kusini akiwa kipa wa tatu, ametoka kuvunjika mguu mwaka uliotangulia, akamfanya kiongozi wa kikosi. Hakucheza hata dakika moja, wala hakuna aliyeuliza alifuata nini.

Mechi zake 116 za taifa hazikumzuia kumalizia daraja la tatu, na SC Sagamihara. Desemba 2018 alidaka mara ya mwisho, dhidi ya Kagoshima. Sagamihara ilishinda bao 1 kwa 0.