Mchagua Gundi

Darasa letu la Kiswahili liliponikabidhi kazi ya kutengeneza mavazi ya vita, nilifikiria kofia, ngao na rangi ya fedha. Gundi sikuifikiria hata kidogo. Tulikuwa tumeamua kuigiza sehemu ya mwisho ya Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, pale majeshi yanapopambana Filipi. Askari sita walihitaji deraya, na zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Sikujua duka lolote la kukodisha deraya hapa Juba, lakini majerikani yamejaa kila mahali. Yale ya manjano ya lita 20, yanayokuja na mafuta ya kupikia kisha yakatumika miaka na miaka kuchotea maji, hupatikana kwa bei ndogo yakishapasuka. Nilikusanya manane, nikayaosha, nikayakata mabamba marefu kama ya deraya za Kirumi. Kisha nikaenda soko la Konyo Konyo na mchango wa darasa mfukoni. Kwa baadhi yetu mchango ule ulikuwa ni chakula cha mchana cha siku mbili au tatu, na nilijua hilo.

Dukani kulikuwa na gundi za kila aina. Niliposita, mwenzangu niliyefuatana naye alicheka akasema, "Mchagua jembe si mkulima." Nikaona haya, nikanunua supaglu kwa karibu fedha yote. Nani asiyeijua nguvu yake? Ikikudondokea, vidole viwili vinakuwa kimoja.

Usiku ule mabamba yalionekana kushikana vizuri. Kesho yake tulifanya mazoezi.

Brutus wetu alirudi Juba kutoka Khartoum baada ya vita kuanza kule Aprili 2023. Alisoma kwa Kiarabu tangu utotoni, na Kiswahili chake kilikuwa kichanga kuliko cha sisi tuliokulia Kakuma. Maneno yake ya jukwaani aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika Waswahili wa kale, akayakariri mpaka yakakaa. Siku ile aliinua upanga, akafungua kinywa, na bamba la bega likadondoka. Likafuata la kifua, kisha jingine, kama maembe yaliyoiva. Darasa zima likacheka. Yeye maneno yakampotea. Akavua kilichobaki, akakiweka chini taratibu, na jioni akaniambia, "Tafuteni Brutus mwingine."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilichukua bamba moja nikampelekea mzee mmoja fundi viatu anayekaa pembeni mwa soko. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakusema neno. Alichovya kidole ndani ya maji, akadondosha tone juu ya plastiki. Tone lilijikusanya likawa kama shanga, likateleza.

"Umeona, mwanangu? Maji yanaikataa. Gundi nayo itaikataa."

Kisha akaniambia nitazame chini ya jerikani. Kulikuwa na pembetatu ndogo yenye namba 2. Nilikuwa nimebeba majerikani tangu utoto wangu wote, na sikuwahi kuiona. Baadaye nilisoma maana yake. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji ya kunywa. Namba 2 ni poliethilini ngumu, ile ya majerikani. Namba 3 ni PVC, ya mabomba. Namba 5 ni polipropilini, ambayo hutengenezewa mabeseni mengi. Poliethilini na polipropilini zina uso usioshikana na vitu vingine kwa urahisi. Ndiyo maana gundi nyingi hubanduka juu yake kama ganda. Supaglu ina kosa la pili: ikikauka huwa ngumu na haipindiki, ilhali deraya hupinda kila askari anapopumua.

Fundi alinifundisha kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua gundi yoyote: ni plastiki gani, itapinda au haitapinda, na itakaa kwenye joto gani. Gundi ya mabomba huyeyusha kidogo uso wa PVC, na vipande viwili vikawa kitu kimoja. Nikaitumia kwenye mipini ya mapanga, ambayo tulitengeneza kwa vipande vya bomba. Kwenye jerikani haifanyi kitu. Gundi ya moto, inayoyeyushwa kwa bunduki yake, hulegea tena ikipata joto, na Februari hapa joto hupita nyuzi 38 kivulini. Jua kali juu ya plastiki huzidisha. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo vikabanwa. Yenyewe hupinda, kwa hiyo ilifaa kwa ngozi na sponji za mabega.

Na mabamba ya jerikani? "Hayo usiyagundishe," alisema. "Yafunge." Alikata kanda za tyubu ya baiskeli, akazipitisha kwa ndani, akapiga ribiti. Nilikuja kusoma kwamba askari wa Roma wa karne ya kwanza baada ya Kristo nao walivaa mabamba ya chuma yaliyoshikiliwa kwa ndani na kanda za ngozi zilizopigwa ribiti. Mzee hakuwahi kusoma habari hizo. Aliitazama kazi tu.

Ilibaki nusu kopo ya gundi ya viatu. Nilipokuwa nikitoka sokoni, watoto wawili wa mitaani walinifuata wakaniomba kopo lile. Hawakuwa na viatu vya kushona. Kila anayeishi Juba anajua watoto wanaivutia nini gundi hiyo: inapunguza njaa kwa muda, na inaharibu ubongo. Mkubwa wao labda alikuwa na miaka kumi. Nilisimama na kopo mkononi, nikiwa nimejivuna kuwa sasa najua kuchagua gundi. Niliwanunulia mandazi kwa sarafu zilizobaki, nikageuka nikalirudisha kopo kwa fundi. Alilipokea bila kuuliza, akaliweka ndani ya sanduku lake, akafunga kufuli. Nikaelewa kwamba kuna swali la nne, nalo yeye alikuwa amelijibu zamani.

Darasani niliwaeleza wenzangu jinsi nilivyopoteza fedha zao. Wengine walinuna, na walikuwa na haki. Kisha nilimpelekea Brutus deraya yake mpya, nikamwambia airuke, ainame, ajiangushe. Alijiangusha mara tatu uwanjani, vumbi likapanda. Haikutoka hata ribiti moja.

Siku ya maonyesho deraya ililia kwa kila hatua kama jerikani linalogongwa, na watu wa nyuma walicheka kidogo. Brutus alingoja wamalize. Kisha akasema maneno yake yote, mpaka la mwisho.