Nilivyoacha Kupiga Ree

Kabla ya briji nilikuwa mtu wa kupiga ree. Aliyewahi kukaa kijiweni Kariakoo anaijua hali hiyo: mkono unapanda mpaka usawa wa sikio, karata inashuka, meza inatikisika, kahawa inamwagika, na mpigaji anawatazama wenzake mmoja mmoja. Niliamini kwamba karata kubwa ni ya kupigwa mapema na kwa kishindo. Leo siamini hivyo. Ushuhuda huu ni wa namna nilivyobadilika, kwanza kwenye karata, kisha dukani.

Imani ile ya zamani naitetea, maana ilikuwa na msingi. Mchezo wetu ni wahedi wa sitini, nami niliukuta kwa wakubwa zangu Gerezani. Ree ina alama 11, seti 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumlisha jamii zote, yaani shupaza, kopa, uru na pau, unapata 120. Upande unaofikisha 61 umeshinda. Na turufu ipo siku zote. Ree ya kopa, hata ingekuwa na heshima kiasi gani, inakatwa na tatu ya turufu kutoka kwa mtu aliyeishiwa kopa, na alama zako 11 zinaondoka naye. Kwa hiyo unawahi. Mwenye ree aipige kabla watu hawajaanza kukata.

Hekima hiyo niliibeba mpaka dukani. Mimi na mdogo wangu wa kike tuna fremu ya nguo na mabegi karibu na Mtaa wa Congo. Pesa ikiingia asubuhi, jioni nimeshaigeuza mzigo. Nilijiona mjanja: mtaji ukilala, wenzako wanakukata.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa Upanga, mhasibu mstaafu, aliyeingia dukani kutafuta begi la mjukuu. Aliona karata zangu kando ya daftari la madeni akauliza, "Kijana, umewahi kucheza bila turufu?" Nikacheka. "Bila turufu, mzee, huo si mchezo tena." Akasema, "Njoo Jumapili baada ya alasiri, uone kama si mchezo." Alijifunza briji alipokuwa masomoni London, na meza yake ilikuwa imepungukiwa mtu wa nne. Nilipomuaga mama, aliuliza jambo moja tu: mnawekeana pesa? Hapana. Meza ile haina hata shilingi, na mama asingeniruhusu vinginevyo.

Kwa asiyeijua briji, niieleze kwa ufupi. Karata ni zote 52, watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja anapata 13. Kwanza kuna mnada: watu wanapandishiana ahadi ya raundi watakazokula, na ya turufu watakayoitumia. Mwenye ahadi ya juu anabaki na mkataba. Anaweza kuchagua kucheza bila turufu kabisa. Mkataba unaopendwa kuliko yote huitwa "tatu bila turufu", maana yake raundi tisa kati ya 13. Sababu ya kupendwa ni hesabu: raundi ya kwanza inayohesabiwa katika mkataba huo ina alama 40, ya pili 30, ya tatu 30, na 100 zinatosha kufunga gemu. Hesabu za namna hii tunadaiwa na Harold Vanderbilt, tajiri wa Marekani aliyezijaribu mwaka 1925 akiwa kwenye meli inayopita mfereji wa Panama.

Mnada ukiisha, mtu wa kushoto kwa mwenye mkataba anaweka karata ya kwanza. Hapo mwenzi wa mwenye mkataba bado hajalaza karata zake wazi mezani, atazilaza baadaye. Anayefungua ana vitu viwili tu: karata zake 13 na maneno aliyoyasikia mnadani. Mzee alinipa kiti hicho siku ya kwanza kabisa. Nilikuwa na ree tatu. Nilizipiga zote, moja baada ya nyingine, kwa mkono ule ule wa kijiweni. Nikala raundi tatu. Mwenye mkataba akala kumi zilizobaki, akaandika ushindi. Mke wa mzee akanimiminia chai bila kusema kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Pasipo turufu hakuna wa kuikata ree yako. Leo ni yako, na raundi ya tisa bado ni yako, mradi usiitupe. Haraka imekwisha kazi. Kisha kuna upande wa pili, uliokuwa mgumu zaidi kwangu: karata ndogo inaweza kula. Jamii ya karata ikishachezwa mpaka wengine wameishiwa, mbili iliyobaki mkononi mwako inakula mbele ya wafalme wa jamii nyingine zote. Basi kazi ya anayefungua ni kuchagua jamii ndefu ya upande wake, kuibomolea ukuta wa wapinzani, na kubaki na njia ya kurudi kuzila karata zilizokomaa. Njia hiyo ndiyo ree.

Kanuni ya zamani inasema ufungue na karata ya nne kutoka juu katika jamii yako ndefu. Kuna hesabu inayoambatana nayo, iliyowekwa wazi na Robert Foster: toa namba ya karata hiyo kutoka 11, utapata idadi ya karata zinazoizidi katika mikono mitatu mingine. Nilidhani ni mazingaombwe mpaka nilipoiona ikifanya kazi. Nilikuwa na kopa tano: mfalme, kumi, nane, saba na mbili, pamoja na ree ya uru. Nikaweka saba. Mkono wa wazi ukaonyesha ree, jeki na tatu. Mwenzangu, dada muuguzi anayefanya zamu Muhimbili, alikuwa na malkia, tisa na tano. Kumi na moja toa saba ni nne, na hizo nne alikuwa anaziona zote: ree na jeki mezani, malkia na tisa mkononi mwake. Maana yake mwenye mkataba hakuwa na kopa hata moja ya kuishinda saba. Mezani ikatoka tatu, dada akaweka tano, saba yangu ikala.

Nikacheza nane, ikafunikwa na jeki, malkia wa dada akaila. Akarudisha tisa, ree ya mezani ikachukua. Sasa mfalme na kumi zangu zilikuwa hazina mpinzani, ila zilihitaji mimi nipate zamu. Mwenye mkataba alipogusa uru, ree yangu ikaingia, mfalme akafuata, kumi ikafuata. Tano zetu, nane zake, mkataba wa tisa ukaanguka. Kama ree ya uru ningeipiga mwanzoni, kopa zile mbili zingezeeka mkononi.

Hata hivyo, kilichonibadilisha zaidi si mkono wenye nguvu. Ni mkono maskini.

Mpinzani wa kulia kwangu alifungua "moja bila turufu", mwenzake akaruka moja kwa moja mpaka "tatu bila turufu", mnada ukaisha. Mimi nilikuwa na shupaza mbili, tisa na sita. Kopa tatu ndogo. Pau tatu zisizo na maana. Na uru tano, kubwa yao ikiwa jeki. Kanuni ya nne kutoka juu ilinielekeza kwenye uru. Mzee, aliyekuwa amekaa nyuma yangu siku hiyo, alikuwa ameshanifundisha kujiuliza kabla ya kushika karata yoyote. Ukizikomaza hizo uru, utaingilia wapi kuzila? Sikuwa na pa kuingilia. Na wamesema nini? Hapa ndipo masikio yanapohitajika. Mwenye kujibu "moja bila turufu" akiwa na shupaza nne au kopa nne, kwa kawaida husema kwanza "pau mbili", swali linaloitwa Stayman, kumuuliza mwenzake kama naye anazo nne. Huyu hakuuliza. Basi yaelekea hana shupaza nne wala kopa nne, na jamii hizo ndizo zinazoweza kuwa ndefu kwetu.

Hesabu ya nguvu nayo ilisema jambo hilo hilo. Ree huhesabiwa 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Jumla ya karata zote ni 40. Wapinzani kwa mnada ule wana kama 26 au 27. Mimi nilikuwa na 1. Zilizobaki, karibu 12, zilikuwa mkononi mwa dada. Mchezo ulikuwa wake. Nikaweka tisa ya shupaza.

Alikuwa na mfalme, malkia, jeki, saba na nne za shupaza, na ree ya pau. Akaifunika tisa yangu kwa jeki. Mwenye mkataba aliishikilia ree yake ya shupaza mara mbili, ya tatu akalazimika kuitoa. Ili afikishe tisa ilimbidi azifanyie kazi pau, na alipozigusa dada akaingia na ree, akazila saba na nne. Raundi tano tena. Tulipozilaza karata zote kuchunguza, tuliona kwamba ningefungua na uru, mwenye mkataba angekula, angeiondoa ree ya pau mapema, na shupaza za dada zingekomaa wakati hana tena mlango. Karata ni zile zile, tofauti ni nani ameanza kubomoa ukuta kwanza.

Baadaye mzee alinionyesha kwamba jambo hili limepimwa. David Bird na Taf Anthias walichapisha kitabu mwaka 2011, Winning Notrump Leads, baada ya kuichezesha kompyuta maelfu ya migao. Dhidi ya mnada kama ule, shupaza na kopa fupi zilifanya vizuri kuliko walimu wengi walivyokuwa wakifundisha. Mzee akaongeza tahadhari: kompyuta ile inacheza huku ikiziona karata zote 52, na sisi tunafungua gizani.

Kijiweni walinitania kwamba nimehamia mchezo wa wazungu. Niliwakumbusha Omar Sharif wa Misri, ambaye wengi wanamjua kwa sinema tu, kumbe aliipenda briji mpaka akaiandikia makala magazetini. Na Zia Mahmood wa Karachi, aliyekuwemo katika timu ya Pakistan iliyofika fainali ya dunia mwaka 1981. Utani ukapungua, haukuisha.

Dukani mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Kwanza nilianza kuacha fungu la pesa lisiloguswa na mzigo wowote, hata mzigo ukiwa wa bei ya kutupa. Wenye fremu Kariakoo hutaka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na siku hiyo ikifika asiye na pesa taslimu anauza mali kwa hasara ili abaki mtaani. Fungu lile ndilo linaloturudisha.

La pili lilinigharimu kiburi. Mimi ndiye kaka mkubwa, na mtaji wetu ulikuwa ukienda kwenye mabegi yangu ya shule. Mabegi ni mengi, yanajaza fremu, ila yanatembea Januari shule zikifunguliwa, kisha yanalala. Mdogo wangu anauza madera na mitandio. Wateja wake wako kwenye simu, Mtwara, Tanga, Mwanza, na mzigo unasafiri kwa basi karibu kila wiki. Siku zote hakuwahi kunigombania mtaji, nami ukimya wake niliuchukulia kuwa ameridhika. Siku nilipoketi naye kuhesabu nani kati yetu ana njia ya kurudi, daftari lilijibu lenyewe. Tukapunguza mabegi, tukaongeza madera. Siku hizi nabeba marobota yake mpaka kituo cha mabasi, na nimeridhika na kazi hiyo.

Kijiweni bado naenda, na kule ree bado naipiga kwa kishindo, kwa sababu turufu ipo na kukatwa kupo. Sijabadili mchezo mmoja kwa mwingine. Nimejifunza kuuliza kwanza ninacheza upi. Biashara yetu, kwa kadiri ninavyoiona, iko karibu zaidi na ule usio na turufu: hakuna karata moja ya kukuokoa, kuna mali inayokomaa polepole na mlango wa kuingilia siku imekomaa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayezichanga karata jioni, jaribu mara moja. Gawa kumi na tatu tatu, futa turufu, na kabla hujaweka ya kwanza jiulize: wapinzani hawakusema nini? Jamii gani itakomaa kwetu, na kwa nani? Huyo ataingia na nini? Ukipata majibu, cheza hiyo karata hata kama ni ndogo, na mwachie mwenzako ale.